Njia ya Maji Kwenye Tangi la Mbuna, Mbeya

Maji ya nyuzi joto 25 yakiwa Tanga au Dar es Salaam hushiba oksijeni kwenye miligramu 8.3 hivi kwa lita. Yapandishe maji hayo hayo, kwa joto lile lile, hadi Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, yatashibia kwenye 6.7. Hewa ya huku ni nyepesi, basi. Naanza na hesabu hii kwa sababu maboksi ya pampu na hita yanayouzwa madukani hayataji mwinuko hata mara moja, na mtu wa nyanda za juu akifuata kilichoandikwa neno kwa neno atafuga samaki wanaohema.

Mimi ni fundi bomba. Samaki walinikuta kazini. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huku mtaa wa Forest aliniita nikabadilishe koki za mabafu, na nilipomaliza akaniomba nitupie jicho tangi la mapokezi. Lilikuwa tangi zuri, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, yaani lita 270 kabla hujaweka mawe. Ndani walikuwamo mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa bluu na wa njano, ambao mfugaji mmoja wa hapa mjini aliwazalisha mwenyewe.

"Fundi, kila alfajiri nawakuta wamepanda juu, midomo nje. Ni njaa hiyo?"

"Hapana mama. Wanatafuta hewa."

"Na pampu yote hiyo niliyonunua?"

Pampu ilikuwa kubwa kweli. Aliyelifunga tangi aliiweka chini kona ya kulia, mdomo ukitazama rundo la mawe lililoegemea kioo cha nyuma. Mbele ya mdomo ule hakuna samaki aliyeweza kusimama, na mchanga ulikuwa umechimbika hadi kioo kikaonekana. Ila sentimita 30 tu kutoka hapo, nyuma ya mawe, kinyesi na mabaki ya chakula vilikuwa vimelala tabaka zima. Juu, uso wa maji ulikuwa umetulia tuli, una utando wa mafuta unaong'aa ukiutazama kwa ubavu.

Nimekulia Ubaruku, Mbarali, kwenye mpunga. Huko mtu akilalamika kwamba kona ya jaruba lake haipati maji, hakuna anayemwambia afungulie mfereji zaidi. Wanakwenda kutazama maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na tuta gani limekaa vibaya. Tangi la mama lilikuwa na tatizo hilo hilo, ila limefungiwa kwenye kioo.

Kabla ya kugusa kitu nilimwomba mama azime taa ya mapokezi. Nikamulika tangi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, nikatifua mchanga taratibu kwa kijiti, sehemu moja baada ya nyingine, nikifuata vumbi linakokwenda. Njia hii haina gharama na inasema ukweli. Mbele ya pampu vumbi liliruka na kupotea. Nyuma ya mawe liliinuka, likasita, likarudi pale pale lilipotoka. Kona ya juu kushoto halikufika kabisa. Nilichora tangi kwenye karatasi, nikaweka mishale kwa kila nilichokiona, na karatasi ile ikanisaidia kuliko maelezo yoyote ya dukani.

Nina mwenzangu Tanga anayefuga samaki wa maji chumvi, na yeye nilipompigia alicheka. Kwake mkondo ndiyo mazungumzo ya kila siku. Alinieleza kwamba wanaofuga matumbawe magumu hutaka maji ya tangi zima yasukumwe mara 40 kwa saa au hata zaidi, na yabadili mwelekeo, kwa sababu tumbawe haliwezi kuhama. Chakula na oksijeni lazima viletewe lilipo, na ute na taka zake lazima viondolewe. Akanishauri ninunue pampu mbili za mawimbi, zitazamane. Ushauri huo nusu yake nimeuchukua, nusu nimeuacha. Mbuna ana mapezi, akichoka anahama, na kwa tangi lake wengi huridhika na mara 8 hadi 10 kwa saa. Nilichokichukua ni ile habari ya kubadili mwelekeo, na kwamba pasiwepo sehemu isiyofikiwa.

Jumamosi moja nilikuwa Kyela kwa kazi, nikapitiliza Matema kwenda kuona kwa macho. Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe vimepangwa ufukweni, na ukiwa na gari usipokuwa mwangalifu utarudi na vingi kuliko jiko linavyohitaji. Fukwe ya Matema ni ya mchanga, halafu ukielekea upande wa Ikombe Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani na miamba inaanza. Nilivaa miwani ya kuogelea nikaingia hapo. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga mtumbwi alinitazama muda mrefu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini humo?"

"Natazama tu maji yanavyotembea, mzee."

"Haya. Yatembee salama."

Kwenye kina cha magoti hadi kifua wimbi linakuja, linapiga jiwe, linarudi. Maji hayaendi upande mmoja siku nzima. Na samaki wa pale juu kabisa, penye msukosuko, ni tofauti na wa chini. Yupo mmoja mwenye pua nene na mdomo uliokaa chini ya pua, Labeotropheus fuelleborni, jina alilopewa na Ahl mwaka 1926 kwa kumbukumbu ya Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani aliyekusanya samaki wa ziwa hili. Mdomo ule unamwezesha kukwangua mwani akiwa amelala sambamba na jiwe. Samaki mwenye mdomo wa mbele inabidi asimame kichwa chini kama anataka kula pale pale, na wimbi likija linamkuta kiwiliwili chote kipo wazi. Nilikaa namtazama mpaka mgongo ukaungua jua. Jambo la pili nililoliona ni kwamba nyuma ya kila jiwe palikuwa na utulivu, hatua moja tu kutoka kwenye wimbi. Samaki alikuwa anaingia na kutoka apendavyo.

Ziwa lenyewe lina kina cha kama mita 700, na samaki hawaishi humo kote. Wanaishi kwenye mita 200 na kidogo za juu. Chini ya hapo maji hayachanganyiki na ya juu na hayana oksijeni. Nikiwa njiani kupandisha Tukuyu nilikuwa nawaza zile sentimita 50 za tangi la mama, hita ikiwa juu, uso umefungwa na mafuta, chini baridi.

Kazi kubwa ilianza kwa kutoa mawe yote. Mama hakufurahi, sebule ilijaa ndoo, na mgeni mmoja aliyekuwa anasubiri chumba alikuwa na maswali mengi kuliko watoto wa shule. Mawe makubwa niliyarudisha kwanza, juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, kwa sababu mbuna wanachimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaporomoka siku watakapolitoa msingi. Kati ya rundo na kioo cha nyuma niliacha nafasi ya kiganja. Baadhi ya mawe niliyapandisha juu ya vipande vifupi vya bomba la PVC, sentimita 5 kila kimoja, maji yapite chini yake. Vipande hivyo ukivizungushia mchanga havionekani.

Mawe yenyewe niliyachagua ya chokaa, ya upande wa Songwe. Jiwe la chokaa ukilidondoshea siki linatoa povu. Maji ya bomba niliyoyapima pale yalikuwa laini, na mbuna amezoea maji yenye pH, yaani kipimo cha uchachu, kati ya 7.7 na 8.6 hivi, kwa hiyo chokaa inayoyeyuka kidogo kidogo inasaidia. Ila hapo kuna jambo la kuangalia: pH ikiwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia inayotokana na kinyesi inakuwa ya ile aina yenye sumu. Kinyesi kilicholala nyuma ya mawe kwenye tangi la mbuna kina madhara kuliko kwenye tangi la maji laini. Kwa hiyo zile kona tulivu hazikuwa suala la usafi tu.

Halafu pampu. Wengi huweka inayosukuma upande mmoja na filta inayonyonya upande wa pili, wakidhani maji yatasafiri tangi zima. Yanasafiri, lakini kwa kukata moja kwa moja. Mimi niliviweka vyote kulia. Pampu mpya, ndogo kuliko ile ya zamani, nimeiweka juu, karibu na kioo cha mbele, ikipuliza kwa urefu wa tangi na mdomo umeinuliwa kidogo kuelekea juu. Mdomo wa filta unanyonya nyuma, kona ile ile ya kulia. Maji yanakwenda mpaka kioo cha kushoto, yanagonga, yanageuka, yanarudi kwa kupitia ule uchochoro nyuma ya mawe. Yakifika kwenye filta yamezunguka tangi zima na yamebeba taka zilizokuwa zimelala.

Pampu niliipima kwa ndoo. Boksi liliandikwa lita 2,000 kwa saa. Ukishika bomba lake kwenye kimo kile maji yanakotakiwa kufika, ukaweka ndoo ya lita 10 na saa ya simu, unajua. Ndoo ilijaa kwa sekunde 30. Hiyo ni lita 20 kwa dakika, 1,200 kwa saa. Hakuna aliyedanganya. Namba ya boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote na isiyo na bomba, na kila sentimita ya kimo, kila elbo (kona ya bomba), kila bomba jembamba linapunguza. Fundi bomba yeyote analijua hili kwenye nyumba ya ghorofa, sijui kwa nini kwenye tangi la samaki tunasahau. Nilitoa elbo mbili za nyuzi 90 nikaweka za 45, nikafupisha bomba, nikapanua kutoka nusu inchi kuwa robo tatu. Ndoo ikajaa haraka kwa namna ambayo hukuhitaji saa kuiona.

Palibaki kona moja, nyuma kushoto, chini. Hapo nilifanya kazi ninayoipenda. Nilifukia mchangani bomba la PVC la nusu inchi lenye matundu, linalosukumiwa maji na pampu ndogo iliyovishwa sponji mdomoni. Bila sponji mchanga na kinyesi vinaziba matundu ndani ya wiki chache. Kuhusu matundu, hesabu ni hii: bomba lenye uwazi wa milimita 15 lina eneo la milimita za mraba kama 177, na tundu la milimita 6 lina 28. Matundu sita ya ukubwa huo yanakaribia kulimaliza bomba zima. Ukitoboa kumi, jumla ya uwazi inazidi bomba lenyewe, shinikizo linapotea na kila tundu linatema kivivu. Nilitoboa manne, yote yakielekezwa nyuma ya mawe, kwa pembe tofauti. Maungio nimeyabana bila gundi, maana yamo ndani ya tangi na yakivuja yanavuja majini, hakuna hasara, na siku ya kusafisha yanafunguka.

Uso wa maji ndio uliowaokoa samaki wa mama, na nausema kwa uhakika kwa sababu siku ile nilipoinua mdomo wa pampu, kabla hata sijahamisha mawe, alfajiri iliyofuata aliniandikia kwamba wako chini. Watu wengi hudhani mapovu ndiyo yanayoingiza hewa. Mchango wao mkubwa ni kuyapandisha maji ya chini yafike juu na kuukoroga uso. Huko juu ndiko oksijeni inakoingia na kaboni dioksaidi inakotoka. Uso uliofunikwa mafuta ni mlango uliofungwa nusu. Kwetu mlango huo hauna budi kuwa wazi wote, kwa sababu tangi la Mbeya linabanwa pande mbili. Hewa nyepesi inatupunguzia, na hita inatupunguzia tena. Juni na Julai usiku wa hapa unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, maji ya baridi yangebeba oksijeni nyingi, lakini mbuna ni samaki wa ziwa la joto na inabidi tumpashie maji mpaka 25.

Hita nayo inataka mkondo. Ikiwekwa penye utulivu inapasha maji yaliyoizunguka, kidhibiti chake kinadhani kazi imekwisha, inazima, na upande wa pili wa tangi ni baridi. Kwa mama tofauti kati ya ncha mbili ilikuwa nyuzi 3. Nimeilaza hita kwenye uchochoro wa nyuma, njiani kwa maji yanayorudi, na sasa kipimajoto kinasema kitu kimoja popote ukikiweka.

Umeme ukikatika ndipo unapojua tangi lako limesimama wapi. Pampu ikizima, kwetu akiba ya oksijeni ni ndogo tangu mwanzo. Nimemwekea mama pampu ndogo ya hewa ya wati 4 inayotumia betri ya volti 12, ya amperi-saa 7. Betri hiyo ina kama wati-saa 84, na ukitumia nusu tu ili idumu, unapata saa kumi hivi. Pampu inasukuma hewa kwenye filta ya sponji iliyomo tangini, kwa hiyo na bakteria wanaokula amonia wanaendelea kupata hewa. Ikae juu ya usawa wa maji, au bomba lake liwe na valvu ya njia moja, la sivyo ikizima maji yatarudi kupitia bomba na utayakuta sakafuni. Filta ya nje iliyofungwa ikikaa saa nyingi bila umeme usiiwashe hivi hivi. Maji ya ndani yameshaoza, yamwage kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Na siku ambayo umeme unasumbua, samaki wasilishwe. Mama anaona huo ni ukatili. Mbuna mwenye mwani kwenye mawe hafi njaa kwa siku mbili.

Kuna mambo mawili ya nyumba za huku ambayo sikuwahi kuyasikia kwa yule mwenzangu wa Tanga. Baridi ikizidi watu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Achilia mbali kwamba gesi ya mkaa ule inaua watu, na nimemwambia mama kwa ukali kidogo kuliko inavyofaa kumsemesha mtu wa umri wake. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hicho hicho na kuipeleka majini. La pili ni dawa ya mbu ya kupuliza. Wanaolima pareto huku nyanda za juu wanajua ua lao linakwenda kutengeneza nini, na viuatilifu vya jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki hata vikiwa kidogo. Mapokezi ya nyumba ya wageni hupulizwa kila jioni. Tumehamishia pampu ya hewa chumba cha pili, mpira unapita tunduni ukutani, na kabla ya kupuliza msichana wa mapokezi hulifunika tangi kwa kanga mbili.

Pampu zote mbili za maji pamoja zinakula wati 25. Kwa mwezi ni uniti 18 za LUKU, na hizo mama anazikubali. Ile pampu kubwa ya zamani peke yake ilikuwa inazidi hapo, ndiyo maana ameiuza.

Dume moja la fuelleborni, yule samaki mwenye pua nene, limechagua kukaa mbele ya tundu la tatu la bomba la mchangani, pale maji yanapotoka kwa nguvu, na jike au mgeni yeyote akikaribia anafukuzwa. Linachimba mchanga na kuurundika juu ya tundu la nne. Nimeufagia, likarundika tena. Kwa hiyo tundu la nne nimeligeuza lielekee juu.

Sasa mama anataka tangi kama hili kwa binti yake aliyeolewa Kyela. Nimeshapiga hesabu. Kule ni mita 500 hivi, na hata maji yakifika nyuzi 30, yanashibia kwenye 7.1, juu ya haya ya Mbeya ya nyuzi 25. Hita hatutahitaji. Pampu itakuwa ndogo kuliko hii, na fedha itakayobaki nimemwambia tununulie kioo cha milimita 10 badala ya 8.